Uliisevu kwa Jina Gani?

Alhamisi, saa nane mchana, Magdalena Sumari alikaa mbele ya kompyuta namba saba akaitafuta ripoti yake, akaikosa. Akatafuta tena, polepole, kidole kikitembea juu ya kioo kama mtu anayetafuta jina lake kwenye karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani. Zilizokuwepo ni Ripoti, Ripoti Mpya, Ripoti ya Nancy, Ripoti Final, Ripoti Final Kabisa, na Ripoti Final Kabisa 2. Ya kwake haikuwepo.

"Brenda," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo mara moja, mdogo wangu. Siioni ripoti yangu."

Brenda alikuwa na miaka ishirini na moja, na kucha ndefu ambazo hazikumzuia kuandika haraka kuliko darasa zima la ualimu wa awali. Alijisukuma na kiti chake bila kusimama.

"Uliisevu lakini, Mama Shikamoo?"

"Nilisevu. Nilikibonyeza kile kipicha mpaka nikaogopa kitachubuka."

"Uliisevu kwa jina gani?"

"Jina? Sikuandika jina. Kilitokea kiboksi, nikagonga enta."

"Basi itakuwa kwenye R, au kwenye M." Brenda alishuka mpaka M. Walikuta barua ya mtu anayeitwa Magreth, Maombi ya kazi, na Matembele, ambayo hakuna aliyejua ilikuwa ya nani. "Haipo, dada. Pole."

Mama Hedwiga, msimamizi wa chumba cha kompyuta, mwanamke mnene aliyevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi ya Julai, aliinua kichwa kutoka kwenye meza yake. "Jana ulizimaje mashine?"

"Nilizima tu."

"Ndiyo, ulizimaje? Pale kwenye kioo, au?"

Magdalena alisita. "Ukutani."

Chumba kizima kikageuka. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi.

"Ukutani!" Mama Hedwiga alishika kiuno. "Mama, hii ni kompyuta, si taa ya jikoni! Umeikata pumzi. Kama kazi imekufa, imekufa kwa hapo."

"Haiwezi kufufuka?" aliuliza Magdalena, na kwa sababu aliuliza kwa dhati, wakacheka.

Yeye hakucheka. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo ilitakiwa kesho, Ijumaa, kabla ya saa sita. Iwe imechapwa na mwanafunzi mwenyewe kwa kompyuta, maana ilihesabiwa pia kama kazi ya somo la kompyuta. Asiyekabidhi haingii kwenye mtihani wa Jumatatu, na asiyefanya mtihani anarudia mwaka. Kule Kisongo kulikuwa na shule ya awali iliyokuwa imemwekea darasa la watoto wa miaka minne kuanzia Januari, mradi aje na cheti mkononi. Mkuu wa shule alikuwa amesema wazi: Januari nisipoona cheti, namchukua mwingine.

"Naweza kuiandika upya kesho?" aliuliza.

"Leo nafunga saa tisa, kesho nafungua saa mbili," alisema Mama Hedwiga. "Saa nne wenzenu wa uhasibu wana mtihani humu. Una saa mbili tu. Jana uliandika kwa muda gani?"

"Saa tano na nusu."

"Kwa vidole vingapi?"

"Viwili."

Mama Hedwiga alivuta sweta ya juu ikaifunika ya chini. "Mngoje Mwalimu Allen wa kompyuta kesho," alisema mwishowe, kwa upole. "Leo yuko kwenye semina. Lakini mimi nisikudanganye."

* * *

Jina la Mama Shikamoo lilikuwa na umri wa siku moja.

Jumatano asubuhi Mwalimu Allen alikuwa amesimama mbele ya watu ishirini na wawili, ambao wengi wao kazi yao ya maisha ingekuwa kufundisha watoto kuhesabu vizibo vya soda na kunawa mikono. "Andikeni mstari mmoja, wowote," alisema. "Msevu kwanza ndipo muendelee. Umeme wetu mnaujua. Ukisevu mapema, ukikatika hulii."

Magdalena alikaa akiangalia ukurasa mweupe. Ripoti ilikuwa inaenda kwa mwalimu. Angeanzaje kumwandikia mwalimu bila kumsalimia? Kwao, hata ujumbe wa kuomba chumvi kwa jirani ulianza na salamu. Akatafuta herufi moja moja, akaandika: Shikamoo mwalimu. Akabonyeza kipicha cha kusevu, akagonga enta. Hapo ndipo Brenda alipochungulia.

"Jamani! Mama Blessing kaipa kompyuta shikamoo!"

Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya kibodi. Kilichowachekesha zaidi ni kwamba Mwalimu Allen alikuwa na miaka ishirini na sita na Magdalena thelathini na moja. Mwalimu mwenyewe alipita nyuma yake, akasoma, akasema tu, "Ni mwanzo mzuri, mama, lakini ripoti inaanza na kichwa cha habari." Magdalena akafuta, herufi baada ya herufi, masikio yakimwaka moto. Kisha akaandika kichwa cha habari, na baada yake kurasa tatu na nusu juu ya watoto kumi na tisa aliokaa nao wiki sita: aliyekuwa hasemi, aliyekuwa anauma wenzake, na yule aliyelia kila siku mpaka akapewa kazi ya kugawa vikombe. Hakuwahi kuandika kitu kirefu hivyo maishani. Alipomaliza, wenzake walikuwa wameshaondoka.

Alisevu mara ya mwisho. Akapeleka mkono ukutani, akazima swichi, akaenda nyumbani akiimba.

* * *

Nyumbani kwao Elerai kila kitu kilizimwa ukutani. Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kwanza, ilikuwa na macho yake, na macho hayo yalikuwa ya Mama Hanna, mama mzazi wa Gerson, mume wa Magdalena. Alikuwa ameshuka kutoka kwake mlimani, juu ya Kikatiti, kumlea mjukuu wake Blessing ili mkwewe asome. Mama Hanna aliamini kwamba kitu kikiachwa kwenye umeme, hata kama kimelala, kinaendelea kula. Chaja, birika, redio, vyote alivizima ukutani, kisha akaigonga swichi mara ya pili kuhakikisha. Mwaka mzima alimfundisha mkwewe hivyo, na mkwewe alijifunza.

Jioni ile alikuwa anamenya ndizi za mtori wakati Magdalena alipoingia na kukaa kwenye kigoda bila kuvua viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Blessing. Mbona uso umeanguka?"

Akamweleza. Alipofika kwenye swichi alitaka kuiruka, lakini Gerson, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini na vumbi la aluminiamu kwenye nywele, alisikia mwisho wa habari na kuuliza mwanzo.

"Imepoteaje sasa?"

"Wanasema kwa sababu nilizima ukutani."

Gerson alivua kofia yake, akamgeukia mama yake. "Unaona sasa, mama? Haya mambo yako ya swichi! Nimesema mara ngapi? Umemzoesha mpaka anakwenda kuzima vitu vya watu!"

"Baba Blessing, mwache mama," alisema Magdalena haraka.

"Simwachi! Mimi kazini wananiita mume wa mwalimu. Mafundi wenzangu wananiamkia shikamoo kwa utani, 'Shikamoo mume wa mwalimu!' Kesho niwaambie nini? Kwamba mwalimu ameshindwa na swichi?"

Kisu kilisimama mkononi mwa Mama Hanna. Alikuwa na miaka sitini na minne. Alisoma mpaka darasa la nne na mafundisho ya kipaimara, na hakuna aliyewahi kumwona analia. Hakulia. Alichukua ndizi nyingine akaimenya taratibu kuliko kawaida.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Mama, sikusema hivyo..." Gerson alianza.

"Umesema, na ni kweli. Nitampigia Nathanaeli aendelee kuangalia kahawa. Nitakaa mwaka mwingine. Arudie, asirudie, mtoto yupo mikononi."

Magdalena aliinamia sakafu. Alijua mwaka mwingine ni nini. Msimu uliopita kahawa ya mama mkwe ilikaukia kwenye mti, kwa sababu mwenyewe alikuwa huku akimnywesha Blessing uji, na Nathanaeli, shemeji yake Magdalena, alikuwa na shamba lake la kuhangaikia. Mwaka huu Mama Hanna alikuwa amehesabu kwa vidole Jumapili zilizobaki kabla ya uchumaji. Mfuko wake wa safari ulishafungwa, uko nyuma ya mlango tangu Jumatatu.

"Bibi, kompyuta imekufa?" aliuliza Blessing, aliyekuwa na miaka minne na hakupitwa na jambo.

"Nyamaza, kula ndizi."

Walikula mtori. Birika la umeme lilipochemka, wote walisubiri ule mkono unaotangulia siku zote. Mama Hanna hakunyanyuka.

"Gerson, kazime," alisema. "Mimi sigusi tena ukuta wa mtu."

* * *

Asubuhi ya Ijumaa mlima haukuonekana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa za majirani, na Gerson aliondoka akiiacha taa ya barazani inawaka. Mama Hanna alipita chini ya taa hiyo mara tatu akienda na kurudi bombani. Kila mara aliitazama, kila mara ikamuuma, na kila mara akaiacha.

Magdalena alikuwa amesimama jikoni na kikombe cha chai ya maziwa ambacho hakukinywa. Alikuwa anajipangia maneno ya kumwambia Mwalimu Allen. Samahani mwalimu. Naomba unisaidie mwalimu. Yote yalisikika kama ya mtoto.

"Mama Blessing, kabla hujaondoka," alisema mama mkwe, akimnyooshea simu yake ndogo ya tochi, "nitafutie ujumbe wa Nathanaeli. Alituma juzi habari ya wachumaji. Nataka nimjibu kwamba siji."

Magdalena aliifungua. Ujumbe ulikuwa mwingi na hakuna hata mmoja wenye jina, ni namba tupu. Chini ya kila namba simu ilionyesha kipande kidogo cha maneno. Shikamoo mama. Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Shikamoo mama. Shikamoo bibi.

"Mama, mbona hukuwasevu watu kwa majina?"

"Nani wa kunisevia? Kila mkishika simu yangu mna haraka." Mama Hanna alifuta mikono kwenye kanga. "Usipoipa jina, inakuonyesha yale maneno ya kwanza tu, basi. Na ninyi nyote mnaanza sawasawa! Shikamoo, shikamoo. Hata ningekuwa na macho ya mwewe ningejuaje yupi ni Nathanaeli na yupi ni binti yangu?"

Magdalena alikuwa bado anashuka kwenye orodha. Shikamoo mama. Shikamoo mama. Kidole kikasimama.

"Umesema inaonyesha nini, mama?"

"Maneno ya kwanza."

"Usipoipa jina."

"Ndiyo. Una nini?"

"Mama, sikuipa jina," alisema Magdalena. "Sikuipa jina! Na maneno ya kwanza hayakuwa ripoti."

"Yalikuwa nini?"

Lakini mkwewe alikuwa ameshaweka kikombe juu ya jiko na simu ndani ya bakuli la sukari, na ameshatoka, kwa ndala, bila sweta.

"Mama kaenda wapi?" aliuliza Blessing.

"Kasahau viatu," alisema bibi yake, akiitoa simu kwenye sukari.

* * *

Saa mbili na dakika tano alikuwa kwenye namba saba. Mama Hedwiga alikuwa ndiyo kwanza anafungua mapazia.

"Usiguse swichi yoyote!" alisema kwa mbali.

Magdalena hakujibu. Alishika kipanya kwa mikono miwili, akashuka. R na ripoti zake zote, za mwisho na za mwisho kabisa. Kisha S. Sababu za utoro. Salio. Sera ya lishe. Shairi la mahafali.

Shikamoo mwalimu.

Alibofya mara mbili, jinsi walivyofundishwa, lakini polepole mno, na haikufunguka. Akabofya tena. Ukurasa ulitokea mweupe, kisha maneno yakaja: RIPOTI YA MAFUNZO KWA VITENDO. Akashuka haraka, akiogopa kwamba yataishia mahali. Yule aliyekuwa hasemi alikuwepo. Aliyekuwa anauma wenzake alikuwepo. Kwenye ukurasa wa tatu alikuwepo yule wa vikombe, na chini kabisa, Ahsante, neno la mwisho aliloandika Jumatano.

Akaweka kichwa juu ya meza, pembeni ya kibodi.

"Imekufa kweli?" Mama Hedwiga alikuja mbio, akainama nyuma yake. Akasoma. "Kumbe ipo! Ilikuwa wapi?"

"Kwenye S."

"S ya nini?"

Magdalena akamwonyesha. Mama Hedwiga alitazama lile jina kwa muda, midomo ikitembea, kisha akaanza kucheka kuanzia tumboni mpaka zile sweta mbili zikatikisika. "Ee Mungu wangu! Ilichukua salamu yako ikaifanya jina! Ulipofuta, yenyewe haikufuta!"

"Kwa hiyo swichi ya ukutani haikuiua?"

"Haikuiua. Ulikuwa umesevu, imesevika. Si kwamba uzime vile tena, utaniharibia mashine. Lakini hapana, swichi haina kosa."

"Niandikie hayo kwenye karatasi," alisema Magdalena, akifuta macho. "Nimpelekee mama mkwe."

Saa tatu na nusu Mwalimu Allen aliingia na flashi yake, akapita mashine kwa mashine akikusanya kazi. Brenda alikuwa amefika, na Nancy, na wengine wengi wenye macho ya watu ambao hawakulala. Mwalimu alipofika namba saba alikaa mwenyewe, akaichomeka, akatafuta.

"Yako ipi, mama?"

"Hiyo hapo. Kwenye S."

Brenda alikuwa amesogeza kiti tayari. "Jamani, jamani! Mama Shikamoo kapatikana na shikamoo yake!"

Safari hii Magdalena naye alicheka, na akacheka kwa sauti kuliko wote.

Mwalimu Allen alikuwa anatabasamu huku akijaribu kuonekana mwalimu. "Sasa jifunze na hili, maana liko kwenye mtihani. Faili inabadilishwa jina. Bofya kulia, hapo, halafu uandike unachotaka. Weka jina lako nijue ni ya nani."

Magdalena alisogea. Bofya kulia. Jina likang'aa bluu, likisubiri kufutwa. Alilitazama. Kisha, kwa vidole viwili, akaenda mwisho wake bila kufuta hata herufi moja, akaongeza. Darasa zima lilingoja. Alipomaliza iliandikwa: Shikamoo mwalimu ni mimi Magdalena Sumari.

Mwalimu Allen, aliyezidiwa naye miaka mitano, alisoma mpaka mwisho. Aliikopi, akachomoa flashi, akasimama.

"Marahaba, Mama Blessing," alisema. "Mtihani Jumatatu saa tatu. Uje na sweta, humu ndani ni baridi."

* * *

Nje, kwenye ngazi, Magdalena alitoa simu. Alimpigia Gerson, Gerson akapiga kelele mpaka mashine za kukatia aluminiamu zikasikika zimezimwa nyuma yake, na sauti moja ikauliza, "Vipi, mume wa mwalimu?" Kisha Gerson akashusha sauti, akasema, "Jioni nitamwomba mama msamaha. Nitapita kununua nyama."

Baada ya hapo akataka kumwandikia mama mkwe, kwa sababu Mama Hanna hakupenda habari kubwa kwa kupigiwa. Alipenda habari ya kusoma mara mbili. Akaandika Shikamoo mama, kama siku zote, akasimama. Akafuta. Mara ya kwanza katika maisha yake alianza ujumbe kwa mkubwa bila salamu, na salamu akaiweka mwisho.

Jikoni Elerai simu ya tochi ililia kwenye rafu, bado ina chembe za sukari. Mama Hanna aliivaa miwani yake ya kamba akaitazama orodha. Shikamoo mama. Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Juu ya zote ulikuwepo ujumbe mmoja usiofanana na mingine, akauona mara moja, bila kuuliza mtu.

IMEPATIKANA MAMA, ulianza. Akaufungua. Swichi haina kosa wameniambia wenyewe. Ilikuwa kwenye jina kama ulivyosema. Usimjibu Nathanaeli, nenda kwenye kahawa yako. Shikamoo.

Aliusoma, akausoma tena, kidole kikifuata.

"Bibi, ni nani?" aliuliza Blessing.

"Ni mama yako. Mwalimu."

Aliweka simu chini, akatoka barazani. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda na mguu wa mlima ulionekana, kijani na mweusi. Taa ilikuwa bado inawaka juu ya kichwa chake, mchana kweupe, inakula uniti za watu. Mama Hanna aliirudia swichi ukutani, akaizima. Akaigonga mara ya pili, kuhakikisha.